Kofia yako bado haijaisha: barua kwa mwanangu wa Chake Chake

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Video ulizonirushia nimezitazama zote, nyengine mara mbilimbili. Nimewaona wale Waingereza wa chama cha Sealed Knot na mikuki yao mirefu, wanaigiza vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17. Nimewaona na Wamarekani wanaoigiza vita vyao vya Gettysburg wamelala majanini kama maiti. Kisha nikausoma ujumbe wako wa chini: "Shangazi, na sisi tufanye vya 1896, Forodhani, na bunduki na bendera." Nilifurahi mpaka sindano ikanitoka mkononi. Miaka yote nimekuwa nikiomba apatikane mtoto mmoja katika ukoo huu atakayeyapenda haya mambo ya kuvaa zama za wazee na kukaa ndani yake. Kapatikana, tena kapatikana Pemba.

Nakujibu hadharani kwa sababu wewe si wa kwanza kuniuliza tuanzie wapi, na najua hutakuwa wa mwisho.

Nianze na hiyo 1896, maana ndiyo iliyokukaa moyoni. Sultani wetu, Seyyid Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25 Agosti. Khalid bin Barghash akaingia kasri kuushika usultani bila ya ridhaa ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu na dakika mbili, manowari za Waingereza zikaanza kupiga, na kiasi cha dakika 38 baadaye mizinga ikanyamaza, Khalid keshakimbilia kwa balozi wa Wajerumani. Upande wa kasri watu kiasi cha 500 waliuawa au walijeruhiwa. Wageni hupenda kuzihadithia zile dakika, kwamba ni vita vifupi kuliko vyote duniani. Mimi huwafikiria wale mia tano, maana wajukuu zao tunapishana nao Darajani. Jambo kama hilo halitaki mtu aliyeanza jana. Linataka watu wengi waliokwishazoeana, linataka ruhusa ya sheha na ya wakubwa kuliko sheha, na kabla ya yote hayo linataka mtu mmoja anayejua kusimama ndani ya kanzu ya wakati ule bila ya kuonekana kavaa nguo ya kuazima. Huyo mtu mmoja ndiye wa kuanza naye.

Kila kijana anayenijia anataka kuwa sultani. Anataka joho, bushuti, jambia kiunoni. Nawaelewa, vitu vyenyewe vizuri. Lakini joho zuri ni ghali, na jambia la duka la watalii halimdanganyi mtu aliyewahi kuliona la kweli. Tena mtu akishavaa vyote hivyo hana la kufanya isipokuwa kusimama apigwe picha. Usultani haukuwa na kazi za mikono ambazo wewe unaweza kujifunza kwa jirani.

Kuwa muuza kahawa.

Usinune, nisikilize kwanza. Muuza kahawa wa mji wetu wa zamani ana dele, birika lake la shaba, lenye makaa chini yake, ana vikombe vidogo anavigonganisha mkononi, na mlio wake hujulikana kabla hajakata kona. Alikuwa akipita kila mahali: bandarini kwa mahamali, barazani kwa wazee, mlangoni kwa tajiri. Ukiwa yeye una sababu ya kusema na kila mtu. Na waliobaki wanaoifanya kazi hii ndio vitabu vyako. Mtafute mmoja hapo Chake, kaa naye mwezi mzima, usimuulize historia. Muombe umsaidie kukaanga buni na kutwanga. Mtazame namna anavyolichukua dele la moto bila ya kuunguza paja, namna vikombe viwili vinavyokaa kati ya vidole, namna anavyojua nani anataka tangawizi na nani hataki. Mkono wako ukishayajua hayo, nusu ya kazi umeimaliza na hujanunua hata uzi.

Wala usidhani tunaiga ya watu. Makunduchi kila mwaka, mwezi wa Julai, siku ya Mwaka Kogwa wanaume wanapigana kwa migomba, na hakuna anayeuliza wamejifunza wapi. Wazee wetu wa ngoma ya beni walivaa vyeo vya kijeshi wakapiga gwaride kwa tarumbeta na ngoma, wakiwaiga watawala mbele ya macho yao. Sisi hili tunalo mwilini. Tulichokosa ni kuuliza maswali kabla ya kuvaa.

Swali la kwanza ni mwaka. Usiniambie "zamani", wala usiniambie "enzi za masultani". Niambie mwaka, maana mwaka ukisogea kidogo kila kitu kinasogea. Wewe ni mtu wa Pemba, kwa hiyo chukua Aprili 1872. Kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Mikarafuu mipya huchukua miaka kabla ya kuzaa. Basi muuza kahawa wa Pemba mwaka 1870 na muuza kahawa wa Pemba mwaka 1875 hawasikii mazungumzo mamoja wanapomimina. Wa pili anasikia bei ya karafuu, anasikia mashamba mapya, anaona majahazi. Ukija Mjini, mwaka 1880 hakuna kasri la Beit al-Ajaib la kuelekeza watu, maana lilijengwa 1883. Na kahawa ni maji: Sultani Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, ndiye aliyeyaleta maji ya bomba mjini kutoka Chemchem. Kabla ya hapo muuza kahawa wako anaamka alfajiri kwenda kisimani. Kitu kidogo kama hicho kinakubadilishia asubuhi nzima ya mtu unayemuigiza, hata bega lake.

Swali la pili ndilo zito, na ndilo lililonifanya niandike barua ndefu badala ya kukupigia simu. Huyo muuza kahawa wako ni muungwana, yaani mtu huru, au ni mtumwa?

Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873. Lakini kufungwa soko hakukuwa kufungwa utumwa. Hadhi ya utumwa iliondolewa kisheria 1897, mwaka mmoja baada ya vita vyako. Katika miaka yote hiyo ya kati, watumwa wengi wa mjini walikuwa wakitoka asubuhi kutafuta kazi ya ujira, jioni wanampelekea bwana sehemu ya fedha. Lile neno kibarua tunalolisema kila siku bila ya kulifikiria limetoka kwenye barua ndogo, kile kikaratasi cha mtu wa kazi ya siku. Kwa hiyo mtu mwenye dele mwaka 1880 angeweza kuwa yeyote kati ya hao wawili, na watu wa mtaani wangemjua kwa kumtazama tu. Wangemtazama kichwani na miguuni.

Hapa ndipo kofia inapoingia, mwanangu. Unajua mimi ni mshonaji wa kofia za viua. Vitambaa viwili vinalazwa pamoja, ua linachorwa kwa penseli, halafu kila kitundu kinatobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi mpaka ukingo wake unasimama mgumu. Kinafuata cha pili, na cha mia, na huko mbele huhesabu tena. Kofia moja inanila mwezi na zaidi. Nimezishona toka mdogo, na nilikuwa mtu mzima nilipokuja kufahamu kwamba kwa desturi ya wakati ule mtumwa hakuwa na ruhusa ya kufunika kichwa, wala ya kuvaa viatu. Baada ya 1897 watu waliotoka utumwani walivaa kofia na kanzu, na wanawake wakaiacha kaniki, ile nguo ya nili iliyowatambulisha, wakajifunga kanga. Hawakuvaa kwa urembo peke yake. Walikuwa wanauambia mji jambo. Toka nilipolijua hilo, kila kitundu ninachokizungushia uzi nakizungushia kwa mkono mwengine.

Sasa ukiniuliza kama mtu anaweza kumuigiza mtumwa, nitakujibu nilivyofika mimi baada ya kulifikiria miaka. Mnada, hapana. Soko, hapana, hata kwa nia njema, hata watalii wakilipa. Nenda Mkunazini ukasimame mbele ya zile sanamu zilizofungwa minyororo ndani ya shimo, utaelewa kwamba jambo lile lina mahali pake na mahali pake si mchezo. Lakini mtu mwenye kazi yake, mwenye jina, anayejua kahawa kuliko wote pale mtaani na jioni anahesabu fedha zisizokuwa zake zote, huyo anaweza kuigizwa, na ningependa aigizwe, kwa sababu mji huu umejengwa na yeye na haonekani popote. Ukimchagua, tembea pekupeku na kichwa wazi. Kaa kwanza na wazee wa nyumbani, uwaambie unachotaka kufanya, na wakikataa uache. Usimfanye mnyonge, wala usimfanye wa kuchekesha.

Na mimi niliwahi kukosea, na kosa hilo nalikumbuka mpaka leo. Mara ya kwanza nilipojitokeza mbele ya watu, kwenye sherehe ya skuli, nilijisema ni mwanamke wa enzi za Seyyid Said, yule sultani aliyefariki 1856. Nilivaa buibui. Lilikuwa buibui zuri la marehemu mama. Baada ya sherehe bibi mmoja akanivuta pembeni, akanambia kwa upole kwamba mama yake yeye alikumbuka siku za ukaya, ule mtandio wa zamani, na buibui alilikuta limeingia baadaye. Alisema kweli: buibui halikuenea hapa mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Mbele ya watoto wa skuli nilikuwa nimekosea kwa zaidi ya nusu karne, na wao waliondoka wakiamini. Nililia usiku ule. Toka siku hiyo sivai kitu mpaka niweze kusema kimefika lini na kimefika kwa mkono wa nani.

Nguo yako, kwa hiyo, iwe moja tu kwa kuanzia. Nenda dukani ununue marekani, ile nguo ya pamba isiyopaushwa, yenye rangi ya maziwa ya jana. Jina lenyewe ni historia: Wamarekani walikuwa wakiileta hapa kwa merikebu zao toka miaka ya 1830, na mkataba wa biashara na Seyyid Said ulitiwa saini 1833. Wale askari wako wa Gettysburg, vita vile vya 1863, walipokuwa wakiuana kwao, pamba yao ilipungua madukani kwetu na nguo za kutoka India zikapata nafasi. Basi hata ukitazama video za Marekani unatazama na duka la Zanzibar, ukijua pa kutazamia. Kata shuka moja ya kiunoni, pinda ncha kwa mkono. Kwa mkono, mwanangu, usimpe fundi cherehani. Mshono wa cherehani unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Ifue mara kumi kabla ya kuivaa mbele ya mtu. Nguo mpya inatangaza duka.

Kisha, kabla ya kutoka nje, fanya nilivyokuwa nikifanya. Ijumaa baada ya chakula vaa shuka yako, weka simu chumba chengine, vua saa, kandambili ziache mlangoni, ukae ukumbini saa nzima na dele lako. Usiigize chochote. Washa makaa. Chemsha. Utashangaa mikono inavyotafuta mfuko ambao haupo. Ijumaa ya tatu au ya nne haitautafuta tena. Hapo mwite rafiki mmoja, mmiminie, akuulize jina lako na la bwana wako au la baba yako, na bei ya karafuu. Ukikwama, unajua ni nini cha kwenda kukisoma. Tuna hazina ya nyaraka Kilimani, ukija Unguja nitakupeleka mwenyewe. Na picha za zamani zitazame kwa uangalifu: nyingi watu wamepangwa na mpiga picha, wengine wamevalishwa.

Watu wakizidi mkawa watatu wanne, tokeni barazani siku ya sikukuu, kwa kujulisha sheha, mkauze kahawa kweli. Bunduki zitasubiri. Kama mkifika mkawa kumi, na mkawa mmedumu mwaka mzima, tutaizungumza 1896, na hapo utaniambia wewe nani alikuwa akiwauzia kahawa walinzi wa kasri asubuhi ile kabla ya saa tatu.

Kofia niliyoanza kukushonea iko mapajani sasa hivi ninapoandika. Ukanda wa pembeni umekwisha, nimebakisha duara la juu. Nimeisimamisha, kwa sababu sijui kama mtu wako ataivaa. Usinitumie fedha za uzi. Nitumie mwaka, na nitumie jina lake, na uniambie ni mtu huru au siye. Akiwa huru nitaimaliza kabla ya Mfunguo Mosi. Akiwa siye, nitaiweka kabatini mpaka umfikishe 1897.

Shangazi yako,
Mjini, Unguja