Barua ya wazi kwa Meya wa Los Angeles: wazee wa Mulholland wanaomba lami ya kushindania magari

Mheshimiwa Meya, shikamoo.

Mimi ni fundi magari huku San Fernando Valley. Wateja wangu wengi walikuwa vijana enzi zile Mulholland Drive ikikimbiziwa magari usiku. Hawana chama wala msemaji. Wakija kubadilisha oili hukaa hadi jioni wakibishana nani alimpita nani, kisha wananiambia: andika wewe, sisi tumechoka kuitwa wahuni. Naandika kwa Kiswahili ili wapenda magari wenzangu wasome. Ofisi yako haikosi mkalimani.

Barabara hiyo ilifunguliwa mwaka 1924, ikapewa jina la William Mulholland, mhandisi aliyeliletea jiji maji. Inafuata mgongo wa milima ya Santa Monica, kona baada ya kona. Miaka ya 1970, kipande cha kati ya Laurel Canyon na Coldwater Canyon ndicho kilikuwa uwanja, na watazamaji walijipanga kwenye kona waliyoiita Grandstand. Kwa wazee wangu, kilichogombewa ni heshima tu. Porsche 911 ya mtoto wa tajiri ilifukuzwa na Datsun 510 iliyosukwa upya gerejini, na si kila mara Porsche ilifika kwanza. Msomaji wa Nairobi au Arusha asishangae: Datsun hiyo hiyo ndiyo iliyowapa Edgar Herrmann na Hans Schüller ushindi wa Safari Rally mwaka 1970. Ni gari la kwendea dukani, lakini kila gurudumu la nyuma linajitegemea kwa springi yake, na kwenye kona mbovu hilo linaweza kukufaa kuliko ukubwa wa injini. Ujuzi wangu wa breki nimeupata kwa wazee hawa, ambao walijua kwa mguu tu, mteremkoni, ni lini pedali inaanza kulegea kwa joto.

Watu walikufa, na mabati ya magari yaliyotumbukia yamebaki korongoni hadi leo. Wenye nyumba hawakulala. Polisi walipokaza kamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa na haki, na wazee wenyewe, ukiwabana, wanakubali. Sheria ya jimbo la California ya mwaka 2023, AB 645, imekuruhusu kufunga kamera za mwendo hata kwenye barabara zinazojulikana kwa mbio. Zifunge.

Ila jiji lako limewahi kujua njia nyingine. Baada ya ghasia za mtaa wa Watts za mwaka 1965, zilizoua watu 34, mwanajeshi wa zamani aitwaye Willie Robinson, au Big Willie, pande la mtu la futi sita na nusu, aliwakusanya vijana weusi, weupe na Walatino kwenye mbio za magari, na polisi walimpa baraka. Mwaka 1974 akapata uwanja wa mbio za mstari mmoja (magari yanashindana kwenye njia iliyonyooka, bila kona) Terminal Island, kwenye ardhi ya bandari, huku meya Tom Bradley akimuunga mkono. Uwanja ulifungwa na kufunguliwa mara nyingi hadi ulipozimika kabisa mwaka 1995. Big Willie alifariki 2012 akiwa bado anaudai.

Viwanja vingine vya mbio vya huku navyo vilikwisha: Lions mwaka 1972, Ontario 1980, Riverside 1989. Irwindale ilifunga milango Desemba 2024. Kijana wa leo mwenye gari jepesi na damu inayochemka tunamwambia asikimbie barabarani, lakini hatumwonyeshi pa kwenda.

Wazee wangu wa kona huwacheka watu wa mstari mmoja (wanasema hata ng'ombe anaweza kwenda moja kwa moja), kwa hiyo hawaombi uwanja wa Big Willie urudi kama ulivyokuwa. Wanaomba lami tupu ya bandari, Jumamosi moja kwa mwezi, mchana. Koni za plastiki zipangwe, gari liingie moja moja likishindana na saa, dereva avae kofia ngumu, gari la wagonjwa lisimame kando. Mchezo huu upo tayari Marekani nzima kwenye maegesho ya magari. Hauhitaji jukwaa wala ukuta wa zege. Bima ndiyo ngumu, na hapo ndipo tunahitaji mkono wa jiji.

Wakaguzi wa magari ninao hapa gerejini. Magoti yao yamechakaa, lakini tairi lililokwisha wanalitambua kutoka ng'ambo ya barabara, na wamekubali kufanya kazi hiyo bure. Naomba siku ya kuwaleta ofisini kwako na mchoro wa uwanja.

Wako mtiifu,
Fundi wa gereji, San Fernando Valley