Gitaa moja la Mwenda linatosha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie makala yenu ya karibuni kuhusu wanamuziki wakongwe wanaorejea na albamu za gitaa kavu, lisilo la umeme. Mwandishi wenu alimtanguliza Johnny Cash, mwimbaji wa Marekani, na hapo sina ugomvi naye. Ile albamu ya 1994 inastahili sifa zote. Mzee aliyekwisha kuachwa na kampuni yake ya miaka mingi alikalishwa sebuleni na prodyuza Rick Rubin, mtu wa rap na roki nzito, akaambiwa aimbe na gitaa lake tu. Ikamletea tuzo ya Grammy na mashabiki wa umri wa wajukuu zake.

Kinachoniuma ni kuona makala nzima ya Kiswahili inafika mwisho bila kumtaja Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo. Miaka sita kabla ya Cash, yaani 1988, Mwenda aliingia studio Cape Town akafanya jambo hilohilo, tena kwa lugha yetu.

Vijana wengi hawamjui, na sio kosa lao. Alizaliwa Katanga mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodia, alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamrekodi wimbo wa "Masanga". Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa Nairobi, akiimba redioni tangazo la dawa ya Aspro huku wapiga gitaa wa Kenya wakihangaika kuiga vidole vyake. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Baadaye jina lake likafifia huku kwetu. Yeye alikuwa Lubumbashi na shughuli zake, na kumbi zote zilishatekwa na magitaa ya umeme.

Isikilizeni basi hiyo rekodi ya Cape Town, hata kwa hedifoni za simu. Dole gumba linashika besi, kidole cha shahada kinacheza nyuzi za juu, na asiyejua ataapa kwamba kuna magitaa mawili. Mwenda akitaka kulivuta neno, gitaa linamsubiri. Akikaza mwendo, liko naye. Mapigo ya kompyuta yasingempa uhuru huo. Sauti si ya yule kijana wa miaka 22 tena. Imekomaa, haina haraka ya kumpendeza mtu, na mimi naipenda zaidi hivyo. Mwaka 1990 alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia. Albamu ilitoka Marekani mwaka 1994, mwaka uleule wa Cash, yeye akiwa kaburini.

Sisi wakongwe wetu tunawafanyia nini? Niliwahi kuketi katika studio moja hapa Dar es Salaam wakati mpiga gitaa wa enzi za dansi akirekodi wimbo aliotunga mwenyewe. Alipomaliza, kijana wa mitambo akaweka kinanda, akaweka ngoma za kompyuta, kisha akalishusha gitaa la mzee mpaka likamezwa kabisa. Akasema bila hivyo wimbo hautapigwa redioni. Mzee hakubisha. Alilirudisha gitaa kwenye mfuko wake, akafunga zipu, akashukuru. Niliumia sana, na mpaka leo nikiusikia wimbo ule natafuta gitaa lake silipati.

Mhariri, kumrekodi mzee na galatoni yake, yaani gitaa lake kavu, hakuhitaji mamilioni. Chumba kitulivu, maikrofoni mbili nzuri, asubuhi moja. Na anayerekodi amuulize mzee ametyuni vipi nyuzi zake, wimbo aliutunga wapi, nani alimfundisha, maana wapiga gitaa wa zamani walikuwa na tyuni zao ambazo hazimo kwenye kitabu chochote, na mwenyewe akifa zinakwenda naye. Redio za taifa zina studio na mafundi. Waanze na wale ambao vidole bado vinawatii, kwa sababu wengine wameshaanza kutetemeka mikono.

Nanyi gazetini, mpeni Mwenda ukurasa wake. Watangazaji nao naomba wachague Jumapili moja waipige albamu ile yote, mwanzo hadi mwisho, bila kuongea wakati nyimbo zinapigwa.

Mpenzi wa muziki wa zamani,
Dar es Salaam