Dosié za kuomba masters ya utafiti wa elimu Uingereza: kikao Jumamosi, Nyawera (Bukavu)

Jambo wandugu,
Kikao kimesogezwa: si Ijumaa tena, ni Jumamosi saa nane mchana, palepale Nyawera. Mchango ni faranga 5.000 za fotokopi, mpeni mweka hazina kabla hatujaanza.

Kila mtu aje na:
1. Diplome na releve za pointi za miaka yote, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya mtafsiri aliyeapishwa. Linganisheni majina na pasipoti. Postinomu (jina linalofuata jina la ukoo) ikikosekana upande mmoja, dosié inakwama.
2. Cheti cha IELTS, mtihani wa Kiingereza. Kinahesabika miaka 2 tu.
3. Pendekezo la utafiti, ukurasa 1. Hapa ndipo wengi wanaanguka. "Elimu katika Kivu Kusini" si swali. Andika unamchunguza nani, shule ngapi, kwa hojaji, mahojiano au kukaa darasani, na nani atakuruhusu kuhoji watoto: kamati ya maadili itauliza.

Masters ya Uingereza ni kredi 180 za kwao, sawa na 90 za Ulaya. Msizichanganye na 120 za masters ya LMD yetu (mfumo wa licence, masters, doctorat), tafadhali!

Andikeni "nakuja" au "sitakuja" hapa kabla ya Alhamisi jioni, tujue idadi ya viti. Aksanti.