Kwa swahiba wangu wa Lindi, kuhusu vidonge tulivyoviacha

Mikindani, Mtwara.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Kwako Mwalimu, swahiba wangu,

Assalaam aleikum. Bahasha yako niliipokea Alhamisi jioni kutoka kwa konda wa basi la Lindi, imebandikwa gundi na juu ya gundi ukazungusha selotepu mara mbili, nikajua kabla ya kuifungua kwamba ndani mna jambo ambalo hukutaka jicho la tatu lilione. Umefanya vyema kutumia karatasi, maana simu zetu siku hizi ni za watoto na sisi tunaazimwa tu. Nimeisoma mara tatu, nikangoja hadi leo nyumba iwe kimya, ili nikujibu kwa utulivu.

Umeniambia kwamba uliacha vile vidonge vya kuotesha nywele mwezi Juni ukitarajia mwili urudi ulivyokuwa baada ya wiki mbili, na sasa huu ni mwezi wa tatu, hamu ya tendo la ndoa imekukimbia, usingizi unakatika saa nane za usiku, na darasani unayasahau majina ya wanafunzi uliowapokea kidato cha kwanza. Mwishoni ukauliza swali moja na kulipigia mstari: je, mimi yaliisha? Nalijibu kwanza. Hayajaisha yote, lakini yamepungua sana. Mimi niliacha Februari 2024, kwa hiyo nimetimiza mwaka mmoja na miezi saba. Usingizi umerudi, kichwa kimetakata, huzuni imeondoka. Hamu imerudi kiasi cha kuishi nayo kwa amani, ingawa si ile ya zamani, na zipo wiki inapotoweka bila kuaga, kisha ikarejea bila kubisha hodi.

Kabla sijaendelea, nina deni kwako. Karatasi ya kwanza ya vidonge hivyo ulipewa na mimi, Desemba 2023, kwenye ile harusi ya Lindi, uliponishika kichwa mbele ya watu ukastaajabu nywele zilivyorudi. Wakati ule ule nilikuwa nimekwisha kuanza kuona mabadiliko mwilini mwangu, nikayanyamazia. Miezi miwili baadaye nikaacha, na sikukuambia. Niliona aibu kumwambia mwanamume mwenzangu, tuliyekua pamoja na kuingia jando pamoja, kwamba sijiwezi. Ukaendelea kuvitumia mwaka mmoja na nusu kwa sababu ya kinywa changu kilichofumbwa. Nisamehe, ndugu yangu. Nimeiandika sentensi hii mara nyingi kichwani, na leo ndiyo mara ya kwanza inagusa karatasi.

Tulichokuwa tunameza ni finasteridi, dawa ya wazee. Marekani iliidhinishwa mwaka 1992 kwa ajili ya tezi dume, katika kidonge cha miligramu 5, na mwaka 1997 ikaidhinishwa kwa upara katika kidonge cha miligramu 1. Mimi nilinunua ile ya miligramu 5 dukani, bila cheti wala maswali, kwa sababu ilikuwa rahisi, kisha kila Ijumaa usiku niliweka kidonge kwenye kisosi na kukikata vipande vinne kwa wembe. Kikikatika vibaya, unga wake mweupe ulibaki kwenye kisosi na kwenye kitambaa cha meza. Shemeji yako wakati huo alikuwa mjamzito, na yeye ndiye aliyekuwa akifuta meza ile asubuhi. Vidonge niliuziwa bila karatasi ya maelezo, kwa hiyo sikusoma mahali palipoandikwa kwamba mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika, kwa kuwa dawa inaweza kuharibu maumbile ya siri ya mtoto wa kiume aliye tumboni. Tulijaliwa binti, mzima wa afya. Lakini siku niliposoma maelezo hayo niliketi barazani, miguu ikakataa kusimama.

Wewe ni mwalimu wa baiolojia, hivyo haya yafuatayo utayaelewa kuliko nilivyoyaelewa mimi. Mwilini kuna kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, dihidrotestosteroni, na hiyo ndiyo inayosinyaza vinyweleo vya utosini kwa wanaume tuliorithi upara. Kidonge hukizuia kimeng'enya hicho, na homoni hiyo hupungua katika damu kwa takriban asilimia 70. Wazo la dawa yenyewe lilitokana na watoto wa kijiji kimoja cha Jamhuri ya Dominika, walioelezwa na watafiti mwaka 1974, ambao walizaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho. Walipokua, tezi dume zao zilibaki ndogo na hawakupata upara. Tulichojifanyia sisi, tena kwa wembe na kisosi, ni kuiga upungufu huo bila kujua. Isitoshe, vimeng'enya vya jamii hiyo vinafanya kazi pia kwenye ubongo, vikisaidia kutengeneza kemikali zinazoutuliza, na ndiyo maana simcheki mtu anayesema kidonge cha nywele kilimgusa usingizi na moyo.

Tatizo letu ni kwamba dawa yenyewe hutoka mwilini ndani ya siku chache, na homoni ile hurudi kiwango chake kwa muda wa wiki mbili hivi. Ukimwambia mtu kwamba miezi mitatu imepita na bado unaumwa, anakutazama kama mtu anayedai nauli ya basi ambalo hakupanda. Daktari wa kwanza niliyemwendea alicheka waziwazi, akaniambia nikapumzike, mke wangu anipikie supu ya pweza. Sitamtaja, na wala sikurudi kwake. Ila ujue kwamba hatujayazusha sisi: mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha maelezo ya dawa hii yaongezwe taarifa za matatizo ya hamu na ya tendo la ndoa yaliyoendelea hata baada ya watumiaji kuacha, na mwezi Mei mwaka huu mamlaka ya dawa ya Ulaya ilithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni miongoni mwa madhara yake.

Hapo pa mwisho sitapita haraka. Aprili mwaka jana nilikuwa kwenye kivuko cha kwenda Msangamkuu, mchana, watu wamejaa na mama mmoja amepakata kuku wawili, nikiwa nayatazama maji, ndipo likanijia wazo ambalo sikulitambua kuwa ni langu. Halikukaa hata dakika moja. Lakini liliniogopesha kuliko yote, na kesho yake nilimweleza daktari wa pili, mama mmoja mtu mzima, ambaye aliweka kalamu chini na kunisikiliza hadi mwisho. Ukijiwa na wazo la namna hiyo, Mwalimu, usikae nalo peke yako hata usiku mmoja. Mwamshe shemeji, nipigie mimi saa yoyote, na uende hospitali ukalitaje kwa jina lake bila kulizungushia maneno.

Daktari huyo alinipima presha, sukari, testosteroni na tezi ya shingo. Presha ilikuwa juu kidogo, na mengine yote yalikuwa sawa. Aliniambia wazi kwamba hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuyafuta madhara haya kwa pamoja, bali kila dalili hutibiwa kwa njia yake: usingizi kwa njia yake, sonona kwa njia yake, na nguvu za kiume zikihitaji msaada, zisaidiwe na dawa anayoandika daktari, si unga wa mtaani. Onyo hilo lilikuwa limechelewa, kwa maana mwenzangu mmoja ghalani alikuwa amekwisha kunipa kijiko cha vumbi la Kongo ndani ya kahawa. Moyo ulinidunda hadi nikaenda kukaa chini ya mwembe nje ya ghala, nikijifanya ninahesabu malori. Unga kama huo unaweza kuwa umechanganywa na dawa za hospitali na mnunuzi asiambiwe. Usiuguse, hata ukiletewa na mjomba wako.

Ghalani, kwa kweli, ndiko ukungu wa kichwa uliponiumbua. Lori moja la korosho nililiandika mara mbili, uzito ule ule na namba zile zile, na karani mwenzangu aligundua kabla stakabadhi hazijatoka. Tangu siku hiyo nikaanza kusoma kila namba kwa sauti ninapoiandika, na nimebaki na tabia hiyo hata sasa, vijana wananitania kwamba nazungumza na mizani. Jaribu darasani: ita orodha ya majina kila asubuhi badala ya kuitegemea kumbukumbu. Wanafunzi watadhani umekuwa mkali.

Lililonisaidia zaidi ya yote ni kumwambia shemeji yako. Kwa miezi mitano alikuwa ameamini kwamba nina mwanamke Masasi. Alikuwa akikagua simu yangu usiku, nami nilikuwa macho, nikimsikia, nikinyamaza. Siku moja umeme ulikatika, tukakaa uani gizani, na giza likanipa ujasiri nikamsimulia yote, kuanzia kisosi hadi kivuko. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Kumbe nywele? Baba yako ana upara, na baba yake alikuwa na upara. Ulidhani nilipoikubali posa sikuwaona?" Akacheka, halafu akalia, nami nikalia. Tukakubaliana mwezi mzima tulale pamoja bila mmoja kumdai mwenzake lolote, na katika mwezi huo, wiki ya tatu, ndipo mwili wangu ulipokumbuka kitu kwa mara ya kwanza.

Sielewi kwa nini iwe wiki ile, lakini nina dhana yangu. Kabla ya hapo nilikuwa najipima kila siku alfajiri, kama mtu anayefunua chungu cha ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, kila dakika kuangalia kama imeiva, na kila asubuhi iliyonijibu vibaya iliniharibia kutwa nzima. Kuna utafiti wa Italia wa mwaka 2007 uliowahusu wanaume zaidi ya 100 waliopewa dawa hii kwa ajili ya tezi dume: miongoni mwa walioonywa mapema kuhusu madhara ya tendo la ndoa, asilimia 43.6 walisema wameyapata, na miongoni mwa wasioonywa asilimia 15.3. Mara ya kwanza kuusoma nilikasirika, nikaona ni njia nyingine ya kutuambia tunajidanganya. Sasa naona pande zote mbili ndani yake, kwa kuwa hata wasioonywa walikuwapo walioumia, na hofu nayo ina mikono ya kufanyia kazi. Sihitaji tena kujua ni robo ngapi ya maradhi yangu ilitoka kwenye kidonge na ni robo ngapi niliiongeza mwenyewe. Niliacha kujipima. Nina daftari dogo, na kila Ijumaa baada ya swala naandika mistari mitatu: usingizi, kichwa, hamu. Mstari mmoja kwa kila jambo, kisha nalifunga. Ukilisoma la mwezi mmoja huoni kitu. Ukilisoma la mwaka, unaona.

Mengine ni madogo. Natembea ufukweni kabla ya jua kuchomoza, hadi wavuvi wanaporudi na ngalawa zao. Simu hailali chumbani. Kahawa naimaliza kabla ya adhuhuri. Nywele ndizo zilizokwenda haraka zaidi: mwaka haukutimia tangu niache, zikawa zimeondoka zote nilizozipata, nikamwambia kinyozi apitishe mashine bila kuacha kitu. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Jambo moja nilikuwa nimesahau. Uliandika kwamba baba mkwe wako anatumia kidonge hicho hicho kwa tezi dume, na kwamba unafikiria kumkataza. Usimkataze. Mzee amepewa na daktari, anakojoa vizuri, analala usiku, na sijasikia akilalamika. Mjomba wangu wa Newala naye anakitumia na hana neno. Mwambie tu kwamba akipimwa kipimo cha damu cha tezi dume, ataje dawa anayotumia, kwa sababu inashusha majibu ya kipimo hicho hadi nusu hivi, na daktari asiyejua anaweza kuona usalama mahali usipokuwapo.

Sasa nakuomba uje. Njoo kabla minada ya korosho haijaanza, maana ikianza sitakuwa na Jumamosi wala Jumapili. Mwambie shemeji ukweli kwanza, kisha mje wote wawili. Shemeji yako anasema ming'oko ipo na chumba cha uani ni chenu. Yule daktari huwa na nafasi Jumanne na Alhamisi, na nimemwuliza, amesema atakuona. Karatasi moja ya vidonge ninayo bado, imebaki na vidonge vinne, niliitunza ili nimwonyeshe jina na miligramu. Nawe njoo na yako, hata kama imebaki tupu.

Nipe jibu kupitia konda yule yule. Safari hii usiweke selotepu, niliikata kwa wembe ule nikajichana kidole.

Wako swahiba,
Baba Zuhura.