Mwanangu, usikopee unga kwenye simu

Majengo, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, babako kifua kimepoa. Nakuandikia kwa sababu kwa simu ukishasema "Mama, ntakupigia baadaye", basi ndiyo imetoka.

Juzi alasiri nilipigiwa na mtu nisiyemjua. Akalitaja jina lako lote mpaka la babu, akasema una deni la kampuni yao na ati mimi ndiye niliyekuchukulia dhamana. Mimi sikumdhamini mtu. Alinisemesha vibaya, na mimi mtu mzima, lakini hilo nimemsamehe. Nilipomuuliza deni ni la nini akasema ni mkopo wa simu. Kiasi chenyewe hakikunitisha. Nilichotishika nacho nilikisikia nilipompigia mkaza mwanangu. Alijaribu kunificha, mwisho akasema zile pesa zilikuwa za unga, mafuta na token za stima.

Babangu, mtu hukopa akanunua cherehani, akakopa akaongeza bidhaa dukani. Unga ukiliwa usiku huu, asubuhi haupo, na deni lingali pale pale. Mwezi ujao mshahara ukiingia wakata deni kwanza, chakula chapungukiwa, wakopa tena. Hapo ndipo ulipo, sikusingizii.

Dadako amenisomea kanuni za hawa watu. Tangu 2022 Benki Kuu ya Kenya yawataka wakopeshaji wa simu wawe na leseni, na hawaruhusiwi kuwapigia jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Ulipoiweka ile programu kwenye simu yako uliikubalia isome namba zako zote, ndipo wakanipata. Ifunge ruhusa hiyo. Wakiendelea, kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, hupokea malalamiko ya namna hii. Lakini kulipa utalipa. Deni ni deni, hata la mtu mwenye ulimi mchafu.

Hebu nikupigie hesabu, maana wewe ndiye mwenye kuzijua na sijui kwa nini hii umeikwepa. Huwa wanakwambia ni asilimia 7.5 tu. Tu! Ni kwa siku 30 hiyo. Ukikopa 2,000 warudisha 2,150. Ukikopa hivyo kila mwezi, mwaka ukiisha umetoa 1,800 juu ya zile 2,000, karibu kuzilipa mara mbili, na huna kitu cha kumwonyesha mtu. Na hiyo ni ukilipa kwa wakati. Mambo ya riba wayajua tangu chuoni, siyarudii hapa.

Mwanangu, mimi najivunia wewe. Wa kwanza nyumba hii kupata kazi ya mshahara na karatasi yake ni wewe, na mabati ya jikoni ninayopikia chini yake ni jasho lako. Watu wakiniuliza nasema mwanangu yuko ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kwa hivyo usiniambie pesa hazitoshi. Zapungua kweli, vitu vimepanda, hakuna asiyejua. Lakini nimemuuliza mkeo pesa za nyumba zaingiaje mkononi mwake, na jibu lake ndilo lililonikosesha usingizi: waacha mia tatu mezani kila asubuhi, watoka.

Mia tatu kila siku ni 9,000 kwa mwezi. Pesa ni zile zile, ila 9,000 zikiwa mkononi siku moja hununua vitu ambavyo mia tatu haiwezi kununua hata ukiitoa mara thelathini. Mwenye mia tatu hana budi kwenda duka la mtaani akapimiwa: mafuta ya ishirini, sukari robo, sabuni kipande, majani ya chai ya kumi. Mwenye duka naye ana haki yake, afungua gunia, apima, afunga kwenye karatasi, sharti apate faida kwa kila kipimo. Anayelipa faida zote hizo ni mkeo.

Usiniamini mimi. Chukua chupa tupu ya lita moja. Mafuta ya kupima ya kila siku yamimine humo badala ya kuyatia kwenye sufuria moja kwa moja, na uandike ubavuni kwa kalamu umetoa pesa ngapi. Mimi nilifanya hivyo hapa jikoni, dadako akiona. Chupa ilikuwa haijafika shingoni, na pesa zilikuwa zimeshapita bei ya lita iliyofungwa ya dukani. Fanya na sukari pia.

Kwa hivyo ninalokutaka ni hili: mkeo apewe pesa za mwezi kwa mwezi, na ajue mshahara wako ni kiasi gani. Ndiyo, mshahara. Najua wanaume wa kwetu hawapendi. Babako naye alikuwa mtu wa kuacha posho mezani, na hesabu za nyumba hii sisi tulizifanya nyinyi mkiwa mmelala, hamkuziona. Lakini mwanamke asiyejua kilichomo hawezi kupanga. Atakuja kukwambia unga umekwisha usiku wa saa tatu, nawe utatoa simu mfukoni ukope.

Utasema mwezi huu hizo 9,000 zote kwa pamoja huna, deni limezikata. Sawa. Anza na kitu kimoja. Mshahara ukiingia, nunua mafuta na sukari ya mwezi mzima, vingine endelea kupimiwa. Kile kitakachobaki kwenye ile mia tatu, maana mafuta na sukari hazinunuliwi tena, kiingie kwenye kibubu. Mwezi wa pili kibubu kinunue mchele. Wa tatu unga na sabuni ya mche mzima. Polepole utajikuta umetoka. Usijaribu kufanya yote siku moja, utakopa tena ili uyafanye, nakujua.

Soko la Kongowea nenda alfajiri, na usiende peke yako. Dadako na jirani yake huchanga gunia la mchele wakagawana kwa pishi, nanyi mwaweza kuingia wa tatu. Viazi na vitunguu pia vyafaa kununuliwa kwa jumla mradi uviweke penye hewa, chini ya kitanda hapana, huoza kwa joto letu hili. Nyanya na mchicha nunueni vya siku mbili tu. Nimeona watu wakijaza nyanya kwa sababu ya bei, wiki haijaisha wamezitupa.

Na jambo dogo la simu. Mkeo aniambia huwa unamtumia pesa kidogo kidogo naye aenda kuzitoa kwa wakala. Kutoa shilingi 200 kwa wakala wa M-Pesa ni shilingi 29. Kutoa 2,500 ni 29 hiyo hiyo. Sasa mtu akitoa mia mbili mbili mara nne kwa wiki ni shilingi 116, na kwa hizo mtu apata mboga. Dukani alipe kwa simu kwenye namba ya till ya mwenye duka, mnunuzi hakatwi kitu.

Jikoni sina wasiwasi naye sana, mkono wake ni mwepesi. Mwambie tu mbaazi na maharagwe ayaloweke usiku kucha, hayo yakilowa yaiva kwa moto kidogo. Achemshe mengi kwa pamoja, ayagawe kwenye mikebe, ayatie kwenye friji, awe ayaunga kidogo kidogo. Gesi aiweke kwa chai na vya haraka, na vya kuchemka muda mrefu avipike kwa jiko la makaa lenye udongo ndani, siyo lile la bati tupu. Vifuu vya nazi asitupe, vyawasha moto vizuri kuliko karatasi.

Samaki msimu huu wa kusi ni ghali, bahari ina mawimbi na vidau vingi havitoki. Msihangaike na changu wala tafi kila Ijumaa kwa kuwa mmezoea. Kuna dagaa, kuna ng'onda, yule samaki mkavu, ukipika ng'onda kwa tui zito na bamia hakuna atakayeuliza samaki mbichi yuko wapi. Kaskazi ikiingia samaki watarudi kwa bei yao. Na Ramadhani ikikaribia usingoje mwezi uandame ndipo ukimbilie tambi, tende na nazi, wakati huo kila mtu yuko sokoni na bei zapanda kwa saa. Mwezi wa Rajabu uwe umeshaanza kuweka.

Stima. Mkeo huzima feni usiku kuokoa token, na mtoto yuko humo ndani apata vipele vya joto. Asizime! Feni ya wati 60 ikizunguka saa nane haili hata nusu uniti. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka nusu saa yala nusu uniti nzima. Wewe ndiye unayepigiwa shati pasi kila asubuhi. Nguo zipigwe pasi mara moja kwa wiki, zote, kisha zitundikwe. Kenya Power huangalia wastani wa miezi mitatu: aliye chini ya uniti 30 kwa mwezi bei yake ni ya chini kabisa, hadi 100 ni ya kati, akipita 100 ni ya juu. Nyumba ya vyumba viwili na friji ndogo haina sababu ya kupita 100. Ile birika ya stima mliyopewa harusini ichemshe maji ya vikombe mnavyokunywa, isijazwe mpaka juu kwa kikombe kimoja.

Maji ndiyo sina la kusema sana, mfereji usipotoka mtanunua madumu kama sisi. Mvua hizi zikiendelea tegeni pipa chini ya bati, maji hayo yafulie na kupigia deki. Nilitaka kusema muache nepi za dukani mtumie za vitambaa, kisha nikafikiri maji ya kuzifua mtayatoa wapi. Nepi ziacheni kama zilivyo, angalau usiku.

Nawe, babangu, una miguu. Feri ya Likoni ni bure kwa anayevuka kwa miguu, hiyo ni neema ambayo watu wa Mtwapa hawana. Sasa ukishashuka upande wa kisiwani, tuktuk ya kukupeleka mpaka mlangoni mwa ofisi ya nini? Kutoka feri hadi Pembe za Ndovu ni mwendo mfupi, na asubuhi jua halijawa kali. Jioni ukichoka panda matatu, sikukatazi. Chai na mahamri ya ofisini pia yahesabika. Sikusemi kwa ubahili. Nasema kwa sababu mkeo anywa chai ya rangi nyumbani ili akiba ya maziwa ibaki kwa mtoto, na hakuambii.

Jambo lingine nisije nikasahau. SHA, bima ya afya ya serikali, imekuwa mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024, nawe wakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, upende usipende. Je, mkeo na mtoto umewaandikisha chini ya jina lako? Nimemuuliza, hajui. Watu wengi nilioona wakizama kwenye mikopo walianzia hospitali, usiku mmoja tu mtoto ana homa. Walipia kitu kisha usikitumie! Nenda kesho, siyo keshokutwa.

Nimeandika mengi na huenda umekasirika. Kasirika, lakini fanya. Deni la simu lote, siyo la huyo aliyenipigia pekee, liandike kwenye karatasi: nani, kiasi gani, siku gani. Uniletee Ijumaa baada ya sala. Mchezo wetu wa kuchangiana pesa hapa mtaani, zamu yangu ya kupokea yakaribia, na mimi na babako tumeshakubaliana. Zitakazopatikana zitamaliza hilo lenye ada kubwa kwanza, nawe utanirudishia kidogo kidogo bila nyongeza. Lakini sharti langu moja: programu hizo uzifute mbele yangu, na mkeo awe amekaa hapo.

Mje pamoja na mtoto, nimemnunulia kanzu. Mwambie mkeo arudishe ile sufuria yangu kubwa, shangazi yako ana shughuli ya maulidi na yataka kupikiwa pilau. Na uje na spana, koki ya uani yavuja tena na babako hawezi kuinama.

Wassalaam,
Mamako