Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Tabora

Ndugu wanachama, habari za mwaka.

Mkutano uliopita ulituagiza tuipeleke kwenye televisheni ile tamthilia ya Molière ya Bwana Jourdain, tajiri anayenunua adabu za kimwinyi kwa walimu wa kukodi. Ilichezwa mara ya kwanza tarehe 14 Oktoba 1670 huko Chambord, Ufaransa, mbele ya mfalme Louis wa 14, na Molière mwenyewe ndiye aliyekuwa Jourdain. Wetu anauza mchele, amejenga Cheyo hapa mjini, na hataki kusikia kwamba marehemu baba yake alipima pishi sokoni.

Mwanzoni kazi ilitushinda. Tulicheza kama ukumbini, kwa sauti ya kufika viti vya nyuma. Tulipotazama picha, kila mtu anaonekana anagombana! Tukarudia yote. Gharama yake mtaisikia kwa mweka hazina, msimzomee.

Kilichotuokoa ni onyesho la irabu. Mwalimu wa falsafa anamfundisha Jourdain kupanua mdomo kwa A na kuuviringisha kwa O, somo ambalo kwetu mtoto wa chekechea analo. Ukumbini aliyekaa nyuma hauoni mdomo ule. Kwenye kioo ulijaa kote, na mpiga kamera akacheka hadi picha ikatikisika. Tumeiacha vivyo hivyo.

Mtumishi Nicole naye, jukwaani akicheka ukumbi mzima humfuata. Sebuleni kwa mtu hakuna wa kumfuata. Kwa hiyo anasikika tu, kamera imebaki kwa tajiri na suti yake ya maua yaliyoshonwa kichwa chini.

Sherehe ya Kituruki, ambamo kijana anayemtaka binti wa Jourdain anajifanya mwana wa mfalme wa Uturuki, ndiyo iliyotugawa. Molière aliiandika kwa matakwa ya mfalme, baada ya mjumbe wa Uturuki kufika Ufaransa mwaka 1669, na ndani yake yumo mufti wa kuchekwa. Wazee walikataa, nami nilikuwa upande wao: hapa Tabora watu wasingemcheka Jourdain, wangeona tunacheza na dini. Mkwe wa uongo sasa ni mwekezaji mwenye lugha isiyokuwepo duniani. Wenzetu wawili waliojitoa kwa ajili hiyo, nafasi zenu zipo.

Vipindi vitatu kati ya vinne vimekamilika. Kituo tulichokipelekea kimekaa navyo miezi mitano, kimya. Ile suti bado fundi anatudai.

Naomba hoja zenu.