Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Maonesho, Meza na Ada

Ndugu Makamu Mwenyekiti, ndugu Katibu, wajumbe wa Kamati ya Utendaji na wanachama wote wa chama chetu cha wakuza miche na maua mliofika,

Kabla ya yote naomba Katibu aandike kwamba mkutano huu uliitishwa saa tatu asubuhi, na akidi imetimia saa tano kasoro robo, tena baada ya kuwapigia simu wenzetu wawili. Daftari lina wanachama 84. Waliomo humu ni 29. Kwenye kundi la WhatsApp tangazo la mkutano liliwekewa dole gumba na watu 46, nami nililichukua kuwa ni ahadi. Wale 29 mnaonisikiliza sina ugomvi nanyi. Haya ninayosema yanawahusu zaidi wasiokuwepo, na bahati mbaya ndio wasioyasikia.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Ziara ya bustani ya Amani kule Muheza ilifanyika, tulikwenda na kurudi salama, picha mnazo. Semina ya kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha mmea mmoja kwenye shina la mwingine, ilifanyika, visu vitatu vya chama havijarudi. Miti ya shule tulipanda, imeshika isipokuwa ile iliyoliwa na mbuzi. Wenzetu waliofiwa tuliwafikishia rambirambi. Mweka Hazina aliomba kupumzika kwa sababu za kifamilia, Katibu Msaidizi anakaimu.

Sasa nije kwenye jambo lililozua maneno mwaka mzima, yaani uamuzi wa Kamati wa kuacha kuchukua banda Saba Saba, yale maonesho ya biashara ya Dar es Salaam, na kufanya maonesho yetu wenyewe ya siku mbili, kwa kiingilio na kwa meza za kulipia. Yamesemwa mengi. Imesemwa kwamba Mwenyekiti anataka ukubwa, na kwamba maonesho ni starehe ya wenye nafasi, muuzaji hapati kitu na mgeni hapati kitu. Nimenyamaza muda mrefu, leo nitajibu.

Saba Saba ni maonesho makubwa na siyasemi vibaya. Lakini yanaanza tarehe 28 Juni na kwisha 13 Julai. Mwenye vitenge anafunga banda jioni, anakwenda kulala. Mwenye miche hana jioni. Upepo wa kusi unavuma, udongo kwenye viriba, ile mifuko ya miche, unakauka kabla ya saa sita, na lazima kijana awepo siku zote hizo na ndoo. Na yule mgeni wa Saba Saba amekuja kuona matrekta, majiko na magodoro, watoto wanataka bembea. Anapita kwetu, anapiga picha kwenye bogonvilia, anauliza bei, anasema "nitarudi". Harudi, na mimi simlaumu: nani atapanda daladala ya Mbagala saa moja usiku akiwa amekumbatia chungu cha udongo? Mwaka juzi banda, usafiri, posho za vijana na maji vilitugharimu 2,640,000. Wanachama saba waliopeleka mali waliuza jumla ya 1,150,000, zikaingia mifukoni mwao, jambo ambalo ni halali. Hazina haikuona hata senti. Naona mwaka ule hakuna aliyeandika waraka wa kulalamika.

Maonesho yetu tuliyaweka wikiendi ya mwisho ya Septemba kwa makusudi, ili anayenunua mche aupande na vuli imsaidie kumwagilia. Tarehe hiyo niliipendekeza mimi. Hesabu ni hizi, na makabrasha yako mezani kwa anayetaka kuyakagua: meza 14 za wanachama kwa 40,000 na meza 9 za wengine kwa 80,000, jumla 1,280,000; tiketi 412 za 2,000, jumla 824,000; mapato yote 2,104,000. Uwanja 600,000, mahema, meza na viti 750,000, boza la maji 90,000, ulinzi 120,000, vyoo na usafi 100,000, matangazo na spika 210,000, vibali 80,000. Matumizi yote 1,950,000. Ziada 154,000. Mafuta ya kirikuu yangu kwa siku zote za maandalizi hayamo humo, wala sijaomba kurudishiwa.

Kati ya hizo meza 9 za bei ya nje, tatu zilikuwa za wanachama wetu wanaodaiwa ada. Wamelalamika kwamba nimewafanya wageni. Katiba yetu inasema mwanachama hai ni yule aliyelipa, mimi sikuiandika peke yangu.

Tuje kwa muuzaji. Nimeambiwa 40,000 ni kubwa. Tuhesabu basi. Mche wa elfu tatu, ukitoa kiriba, udongo, samadi, maji na mkono wa kijana, unakuachia kama elfu moja na mia tano, siku ikiwa njema. Meza peke yake inakutaka uuze miche 27 kabla hujagusa nauli. Sasa wewe ukija na asumini na bogonvilia zilezile zinazopangwa kando ya barabara ya Bagamoyo kila siku ya Mungu, tena ukazipandisha bei kwa sababu upo chini ya hema, utauza ngapi? Mgeni amelipa buku mbili mlangoni, halafu anaona anachokiona bure akiwa kwenye foleni. Hapo ana haki ya kununa.

Waliouza ni waliokuja na kitu. Mwenzetu mmoja alileta waridi la jangwani lililobebeshwa, shina moja lina rangi mbili, watu walikuwa wanamzunguka toka asubuhi. Mwingine alileta miche sita tu ya mkilua, ule mti wa pwani wenye maua ya kunukia. Alikuja bibi mmoja na wajukuu wake, akainama kwenye mche wa pili, akachuma ua moja la kijani ambalo wewe na mimi tungelipita, akalisugua kidogo kwa kidole na kulinusa. Akamwambia mjukuu kwamba kwenye harusi yake mwenyewe vikuba vyake, vile vishada vya maua ya kunukia, vilitiwa haya. Alinunua miwili bila kupunguziwa, akaacha namba ya simu na kuagiza mingine minne. Mtu kama huyu hapatikani barabarani. Dereva hasimamishi gari kuulizia mkilua, maana hajui kama upo.

Ndiyo maana siku zote nasema meza ya maonesho haipimwi kwa fedha za Jumapili jioni tu. Inapimwa kwa namba za simu ulizoondoka nazo, na kwa simu ulizopiga baadaye, maana namba isiyopigwa haina kazi. Tuligawa fomu za tathmini kwa wauzaji wote 23. Zimerudi 11. Saba wamesema watakuja tena, wawili hapana, wawili wameandika "itategemea". Wale 12 ambao hawakurudisha ndio wanaoandika kwenye kundi usiku kwamba walipata hasara. Hasara isiyoandikwa kwenye fomu mimi nitaijuaje?

Kwa upande wa mgeni, meza iliyojaa kupita zote ilikuwa ya ushauri, na kama mnavyojua niliikalia mimi siku zote mbili. Watu walikuja na majani yamefungwa kwenye gazeti. Kijana mmoja wa Kimara alifungua jani la mlimao lina michirizi myeupe kama mtu amechora mizingo kwa kalamu. Nikamwonyesha ncha ya mchirizi, kiwavi mdogo yumo humohumo ndani ya jani. Alikuwa amekwisha kununua mbolea mara mbili akidhani mti una njaa. Kwa buku mbili yule alifidia kiingilio chake mara kadhaa.

Nimebakiza lile lenye makelele zaidi: agizo langu kwamba mimea iliyoingizwa kwenye mashindano isiuzwe hadi Jumapili saa kumi jioni. Nakubali agizo lilitoka kwangu, Kamati ikaliridhia kwa kura 5 kwa 3. Jumamosi saa nne mteja alisimama na fedha mkononi kwa ajili ya waridi la jangwani jeupe, akaambiwa asubiri kesho. Hakurudi. Nikatupiwa ule msemo wa biashara asubuhi, jioni mahesabu. Lakini mniambie: mimea bora ikiondoka Jumamosi saa nne, mgeni wa Jumapili analipa kiingilio kuona nini? Matundu kwenye meza? Hata kwenye maonesho ya maua ya Chelsea kule London, yanayofanyika kwenye viwanja vya Royal Hospital tangu 1913, mimea ya maonesho hukaa hadi alasiri ya siku ya mwisho, kengele inapigwa, ndipo watu wanabeba. Kuna aliyesema "sisi si Chelsea". Najua. Hema letu lilikuwa linavuja. Ila kanuni iko palepale, na isitoshe nilisema tangu Agosti, kwa maandishi, kila mshiriki alete wa kushindanisha na mwingine wa aina hiyohiyo wa kuuza. Aliyeleta mmoja asinitafute mimi.

Kuna mzee wetu pia aliyesema maonesho ni mambo ya Wazungu. Mzee wangu, kwa heshima zote. Kuna ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara, hapa hapa kwetu, Wazungu wanaliita African violet. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 likaoneshwa Ghent, Ubelgiji, kwenye maonesho ya kilimo cha bustani. Toka hapo wafanyabiashara wa mbegu wakalidaka, na leo linauzwa kwa vyungu Ulaya na Marekani. Sisi wenye ua, kwenye meza zote 23, hakuna aliyekuwa nalo. Tulipokuwa Amani nililitaja, wengi mlikuwa mnatafuta mtandao.

Kuhusu ada, nitasema kwa ufupi kwa sababu inaniumiza. Ada ni 30,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 31, jumla 930,000. Wasiolipa ni 53, jumla 1,590,000. Mwaka tulianza na 1,420,000, ukijumlisha ada na ziada ya maonesho inakuwa 2,504,000, ziara, semina, rambirambi, vifaa vya ofisi na makato ya benki vimekula 1,085,000, imebaki 1,419,000. Yaani tumepungua elfu moja. Bila maonesho mnayoyalalamikia tungepungua 155,000.

Mwaka ujao Kamati inatarajia, Mungu akipenda, kufanya maonesho tena, ikiwezekana kwenye uwanja wenye kivuli, na kuangalia uwezekano wa kupata mfadhili. Kitalu cha chama nacho bado kimo kwenye mipango. Suala la saa kumi jioni lipo kwenye ajenda namba 6, mtalipigia kura, na mtakavyoamua nitatekeleza, ingawa msimamo wangu mmeshausikia.

Viriba vya chama vilivyobaki viko nyumbani kwangu. Anayehitaji aje baada ya saa kumi, na risiti ya ada.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti